Hesabu za Elia kwa Zabibu na Karanga

Dada Neema, shikamoo. Upepo wa Dodoma unanivua kilemba, lakini nimefika chuoni kuchukua vitabu vya marehemu mwanangu Elia. Nikamwomba mwalimu wake anieleze kazi ya hesabu ya Elia ambayo sikuwahi kuielewa. Akapanga sahani tatu, kila moja ina zabibu moja na karanga moja.

“Mama, okota kimoja kila sahani, upate zabibu mbili na karanga moja. Kuna njia ngapi?”

Nikaokota, nikala, akajaza tena, mpaka njia zikaisha. “Tatu!”

“Ndiyo ile tatu inayotokea katika aljebra ukizidisha mabano matatu ya (zabibu + karanga); kila bano ni sahani moja. Elia aliipata kwa kuhesabu njia. Ila uthibitisho wenyewe umeula wote, mama!”

Dada, utotoni alikuwa akipanga maharage sahanini, nami nikimfokea aache kuchezea chakula. Wajukuu wako wakipanga chao, waache kwanza. Nakukumbatia.

Mdogo wako, Mama Elia