Asali Iliyogeuka Kidogo

Mombasa, 4 Oktoba 2024

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, ila roho yangu haijatulia.

Ile chupa ya asali aliyokuja nayo kaka Mahir kutoka huko niliipeleka maabara kwa mradi wangu wa mwisho. Nilijigamba kwa wenzangu kwamba asali ya mikoko ya Koyama haina mfano. Tunaipunguza kwa maji, tunaitia kwenye mrija na kupitisha mwanga: asali safi huugeuza kushoto, sukari ya miwa kulia. Nilisoma digrii 2.4 kushoto. Nikagawanya kwa urefu wa mrija, desimita mbili, kisha kwa gramu za asali katika kila mililita, 0.1. Nikapata kumi na mbili, hasi kwa kuwa ni kushoto, na tulitazamia kama hasi kumi na tano. Nimerudia mpaka macho yanauma. Msimamizi anasema kuna sukari inayovuta kulia, na mradi hautapita hivyo.

Mama, ulitia kitu?

Mwanao,
Lubna

Koyama, 26 Oktoba 2024

Mwanangu Lubna,

Waalaykum salaam. Goti ni lile lile. Wala chakula vizuri huko?

Nilikawia kwa sababu niliudhika. Nilimwonyesha jirani yetu Zamzam barua yako, akasema, "Hapana mchu alotia sukari asali ya Bimkubwa." Kama jirani anajua hakuna mtu aliyeitia sukari asali yangu, mbona wewe hujui? Nikazidi kununa.

Jana naosha sahani ndipo nikakumbuka. Nilimwomba Maalim Taha akuandikie kombe la mtihani, aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani, nikaliosha kwa marashi ya waridi. Mahir alikataa kubeba chupa mbili, basi nikalimimina kwenye asali ulinywe humo. Nilijua utailamba, sikujua utaipima.

Nakuletea nyingine isiyo na chochote. Safari hii nitakuombea kwa mdomo tu.

Mamako

Mombasa, 14 Novemba 2024

Mama kipenzi,

Salamu nyingi, na pole ya goti. Chupa ya pili ilifika salama.

Marashi hayageuzi mwanga. Yalichukua tu nafasi ya asali kwenye mizani yangu. Hii mpya imetoa digrii tatu kushoto, hasi kumi na tano kamili. Jana nilisimama mbele ya walimu na nimepita. Nisamehe kwa kukushuku, niliogopa sana.

Waliniuliza sampuli ya kwanza ilikuwa na nini. Nikasema, "Kombe la mamangu." Msimamizi akataka iliyobaki aipime mwenyewe. Nikamwambia imekwisha, nimeinywa yote asubuhi hiyo kabla ya kutoka nyumbani.

Mwanao,
Lubna