Nyama Iko Kwenye Oveni, Msiongeze Chumvi

Mama, Kaka, na Baba pia,

Nyama iko kwenye oveni, moto mdogo. Izimeni ~~saa saba~~ saa nane. Msifungue kuchungulia wala kuongeza chumvi. Mara ya mwisho kila mmoja wenu alitia yake kimyakimya, na leo jibini iliyo ndani ina chumvi ya kutosha.

Samahani nimeondoka bila kuaga. Baba aliposema kwenye chai, "Miaka minne ya chuo, halafu unajaza nyama jibini kama unashona mto," ~~sikujali~~ niliumia. Leo nina usaili wa kazi ya jikoni hotelini, na nilitaka Baba, mwenye bucha wa nyumba hii, aniamini kabla ya watu wa hoteli.

Lakini nilipotoka kuoga nilikuta nyama imefungwa upya. Mimi nilitumia uzi wa cherehani, na jibini ilikuwa ikitokeza pembeni. Sasa ina kamba ya buchani, na mafundo ambayo humu ndani anayajua mtu mmoja tu.

Baba, kata wewe. Niachieni kipande cha mwisho. Nikipata kazi au nikikosa, nitarudi na njaa.

Kitindamimba wenu