Baba Anayeacha Kazi Kila Wiki

Kilwa Masoko, Ijumaa

Ule mchezo wa kuchekesha wa redioni umeharibika. Kasema Bi Somoe, mwenye nyumba wetu, ambaye anausikiliza tangu ulipoanza miaka ile.

"Zamani yule baba alikuwa anamwogopa bosi wake mpaka tunamwonea huruma. Siku hizi anaacha kazi kila wiki, na jioni anakula wali! Kazi anaipata wapi? Si watu wanapunguzwa kila mahali?"

Baraza zima la majirani lilicheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

Asubuhi mhariri wangu alikataa tena kwa simu kunihamishia Dar. Hapo nikaamua kuacha kazi Jumatatu ijayo, na nilimwambia mke wangu peke yake.

Majirani walipoondoka, mke wangu akaniuliza bila kunitazama, "Na wewe, baba Salma, jioni yake tutakula nini?"

Nikasema nitatafuta gazeti jingine. Nilijisikia nikisema kama yule baba wa redioni.

Magazeti mengine nimeshayauliza yote. Hakuna linalotaka mtu.

Jumatatu naenda Pande kuandika habari ya korosho. Lori linaondoka baada ya swala ya alfajiri.