Sponji ya Fundi Saa

Mdogo wangu mpenzi,

Mpe mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana ukishaanza utasahau. Wewe hujambo? Na mgongo, bado unakukata ukiinama? Shemeji na watoto nawasalimu wote, hasa yule wa mwisho anayenipigia na kukata. Mimi mwilini sijambo, mengine utayasoma mwenyewe. Nimeona niandike kwa sababu una tabia ya kuniweka kwenye spika mbele ya mama, na haya si ya spika. Soma ukiwa peke yako.

Ni habari za samaki. Usishtuke, Mheshimiwa yu hai.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita nilirudi kutoka kazini nikakuta sebule imelowa mpaka chini ya kabati. Tangi la mama lilikuwa limepata ufa pembeni na maji yamebaki nusu. Samaki wote saba walikuwa wamejibana chini, Mheshimiwa katikati na kitambi chake kama mwenyekiti wa kikao. Sikuwa na pa kuwaweka ila beseni langu la kuogea. Siku tano nzima nilioga kwa kopo, nimesimama, na wao wakijisaidia ndani ya beseni langu, na kila nikipita naona kinyesi kinawaning'inia nyuma kama uzi. Wiki hiyo sikula nyumbani hata mara moja.

Mama alipopata kiharusi wewe ulimchukua yeye, mimi nikachukua samaki. Ulishaniambia kwamba maneno yaliyombakia ni machache, na kwamba mojawapo ni Mheshimiwa, na siku asipopata habari zake hugeukia ukutani na kukataa uji. Kwa hiyo kila ulipopiga nilisema wazima, wanakula. Huku wako kwenye beseni.

Mwenzangu mmoja kazini akanielekeza kwa fundi saa anayefuga samaki na kuuza matangi yaliyokwisha tumika. Jumamosi nikaenda. Mdogo wangu, mimi nimeona uchafu, lakini ule ulikuwa umekubuhu. Mlango ulinata mkononi. Ndani kulinuka unyevu na soksi. Mezani saa zimefumuliwa, katikati ya saa kuna sahani ya maharage ya tangu sijui lini, na kuta zote zimejaa matangi. Mwenyewe ana ukucha mmoja mrefu wa kidole gumba, anaofungulia saa, na ukucha huo huo akawa anachokonolea jino huku akinikaribisha. Alinipa chai. Nilipoipokea nikamwona anachota samaki wagonjwa kwa kikombe pacha cha kile nilichoshika. Chai niliumwagia mmea wake alipogeuka.

Tangi lenyewe lilikuwa zuri, kubwa kuliko la mama, halina ufa. Alilijaza maji mbele yangu tukalitazama nusu saa kama linavuja. Kisha ili kuyatoa akachukua mpira, akautia mdomoni, akavuta mpaka maji yakamfika, akatema sakafuni pembeni ya kiatu changu, akaendelea na maelezo yake. Ilibidi nitoke nje nikavute hewa.

Maelezo yalikuwa mazuri, siwezi kumsingizia. Alisema nisiwahamishe kwa pupa. Maji ya bomba yalale ndooni siku nzima. Samaki niwatie ndani ya mifuko yenye maji yao ya zamani, niiache ielee juu ya maji ya tangi mpaka joto lilingane, halafu niwaongezee maji mapya kikombe kimoja kimoja. Na mwisho akanionyesha sponji ya kwenye chujio la tangi lile. Ilikuwa rangi ya kahawia, inateleza, ina ute kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Alisema hiyo nisiioshe kabisa, niisuuze tu kwenye maji ya tangi, au kama nimeshakereka sana basi nitumie ya tangi la mama, nayo pia bila kuosha. Nikaitikia ndiyo fundi, nimeelewa fundi.

Sasa mimi ninayeosha vyombo vya upasuaji miaka kumi na tisa, niweke kamasi lile sebuleni kwangu? Kwangu kitu ni safi au si safi. Sponji ya mama nilikwisha kuitupa jalalani siku ile ile ya ufa, nimeishika kwa mfuko. Ya fundi niliilaza kwenye klorini pamoja na tangi lenyewe na mpira na kila kokoto, kisha nikasuuza mara saba mpaka harufu ikaisha. Sponji ikawa nyeupe. Kwa kweli nilijiona mtu. Mengine yote nilifanya kama alivyosema, mifuko, kikombe kimoja kimoja, saa mbili nimepiga magoti. Samaki wakaingia kwenye maji yanayong'aa, nikakaa kwenye kiti nikala chakula changu cha kwanza nyumbani.

Jumatano wakaanza kupanda juu kutafuta hewa. Alhamisi asubuhi wawili wadogo walikuwa wamekufa, midomo wazi, na Mheshimiwa amelala ubavu, mashavu mekundu. Saa mbili baadaye ukapiga simu, ukasema mama anauliza. Nikasema anakula vizuri. Niliyasema hayo nikiwa namtazama.

Kutoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwa fundi saa. Nilimweleza yote, hata klorini. Hakunicheka wala hakunigombeza, alinitazama tu kama mtu anayetazama saa iliyoingia maji. Alisema kwenye ute ule kulikuwa na vijidudu vinavyokula mikojo ya samaki, na mimi nimevifagia vyote, kwa hiyo watoto wa watu wanavuta mikojo yao wenyewe. Alisema dawa iko moja, nikachukue uchafu mwingine. Akanipeleka kwenye tangi lake la zamani kuliko yote, ambalo sponji yake haijatolewa tangu mkewe yu hai, akaniambia niikamulie ndani ya ndoo. Yeye alikuwa amejikata, kidole kimefungwa kitambaa. Nikatoa glavu kwenye mkoba. Akanusa, akasema zinanuka hospitali, zitaviua tena, niziweke kando.

Nilitia mkono mpaka kwenye kiwiko. Ni vuguvugu kule ndani. Kitu kinakupita katikati ya vidole, laini, na ukikaza kinatoka cheusi na kinapanda na harufu ya kila kitu kilichowahi kuoza. Mate yalinijaa. Nilikamua, nikaenda kutapika kwenye karo lake lenye vyombo, nikarudi nikakamua tena. Fundi akawa amenishikia ndoo. Nikaipeleka nyumbani kwa teksi, ndoo katikati ya miguu, dereva amefungua madirisha yote manne.

Nikamimina uchafu ule kwenye tangi langu safi kwa mkono wangu. Kila asubuhi nikawa nabadilisha sehemu ya maji kwa maji yaliyolala. Ijumaa Mheshimiwa bado ubavu. Jumamosi akasimama wima. Jumapili akala punje mbili akaitema ya tatu, kwa madaha yake yale yale. Tangi limeshika ukungu wa kijani kwenye vioo na linanichefua kila nikiliangalia, na silifuti.

Sasa nisikilize. Mara tatu umeniandikia nije wiki mbili tu ukatibiwe mgongo. Mara tatu nimekujibu kwamba mkuu wangu amekataa kunipa likizo. Mdogo wangu, hakukataa. Sikuwahi kumwomba.

Unakumbuka nilipokuja ile mara moja, ukawa unambadilisha mama, nikasema simu inaita nikatoka. Hakuna simu iliyoita. Harufu ilinishinda. Niliziba pua kwa kitambaa changu nikiwa pale mlangoni, na wewe ulikuwa umenipa mgongo, hukuona. Mama aliona. Alinitazama mpaka macho yake yakajaa maji, kisha akavuta shuka kwa ule mkono mmoja unaofanya kazi, ajifunike. Alikuwa ananionea haya, mimi, yeye aliyenifuta kila siku ya utoto wangu. Tangu siku ile nimekuwa nikijiambia kwamba ndivyo nilivyoumbwa, kwamba wengine wana roho ngumu na mimi sina. Uongo. Kwa ajili ya samaki nimetia mkono kwenye kinyaa cha mtu baki, nikatapika, nikarudi. Mama yangu sikumgusa. Ninajichukia kuliko nilivyoichukia sponji ile.

Jana niliomba likizo. Mkuu wangu alitia sahihi amesimama, hata hakuuliza ya nini. Fundi saa nimemwachia ufunguo, atakuja na viatu vyake vichafu kuwalisha na kuwaangalia, na nimekubali.

Msalimie shemeji, na wale watoto waambie wanipishe kitanda kimoja. Kajiandikishe kwa daktari wa mgongo kuanzia Jumatatu. Nitafika Ijumaa saa mbili asubuhi. Siku hiyo usimbadilishe mama. Najua atakuwa ameshalowa na atakuwa analalamika, na utatamani kumwonea huruma. Mwache hivyo hivyo, uniachie maji ya moto na taulo mlangoni. Nitatapika, najijua. Ukinisikia nimetoka nje, usiingie kunisaidia. Nitarudi.

Ni mimi dada yako