Namna Nilivyomkosesha Mzee Treni Yake

Glasgow,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za binti yako wa baridini. Mgongo unaendeleaje? Hiyo mvua nasikia imemwagika huko Ruiru, hapo kwetu Kimbo, iliingia nyumbani ama mtaro ulizibuliwa? Na nyanya yangu, Cucu, bado anakataa dawa mpaka apewe na soda? Mimi ni mzima, kazi ya kutunza wazee inaendelea, na nimenenepa, kwa hivyo wacha wasiwasi.

Barua yako niliipata, nimeisoma mpaka imelegea mahali pa kukunja. Ulisema humjui Iani na hutaki kumjua mpaka uone ana watu. Ati mwanamume anayekuja kuposa peke yake ni kama mbwa wa barabarani, leo yuko kwako, kesho yuko kwa jirani. Mama, hapo uliniuma, lakini nilicheka pia. Shida ni kwamba Iani ana mtu mmoja tu, babake, na huyo mzee hajawahi kutoka hii Skotilandi yao. Ndege aliapa hatapanda maisha yake yote. Tangu mkewe afe, kitu anachopenda ni treni.

Si kupanda, mama. Kuziangalia! Huku kuna watu wazima, wengine wana mvi kichwa kizima, wanasimama stesheni kutwa kwenye baridi wakingoja treni ipite waandike namba yake. Ikipita wanafurahi, wanangoja ingine. Nilimuuliza Iani akiwa kwa usukani kama wanalipwa, akacheka karibu atutoe barabarani.

Sasa, Jumamosi ndiyo Iani alinipeleka nikaonane na mzee. Alikuwa anatungoja huko milimani kwenye stesheni ndogo, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na injini ya zamani, ya makaa, ambayo ilikuwa ikipita karibu na kwao akiwa mtoto. Imekaa gereji miaka mingi ikitengenezwa, na mzee aliingoja hiyo siku kama watu wanavyongoja arusi.

Tulitoka asubuhi. Mama, hii nchi ni nzuri, wacha tu! Milima mirefu na huoni shamba hata moja. Ukimaliza ziwa unapata lingine. Kila kona maji yanaanguka kama kule Chania, na hakuna hata mtu wa kukuuzia mahindi ya kuchoma. Bahati nilikuwa nimebeba mandazi na chai ya maziwa yenye tangawizi ndani ya thamosi, maana wewe hukunilea niende kwa watu mikono mitupu.

Tukafika. Wanaume walikuwa wamejipanga na kamera zao, kimya, ungedhani ni matanga. Iani akanionyesha babake kule mwisho. Mama, mimi ningefanya nini? Niwapite wote hao kama miti? Nikaanza mmoja mmoja: mkono, habari yako, unaitwa nani, umetoka wapi. Walishtuka! Mmoja alibaki akiangalia kiganja chake kama nimemwachia kitu. Nyuma yangu Iani anakohoa, anakohoa. Nikadhani ni homa.

Nilipomfikia mzee nikampa mikono yote miwili, nikainama kidogo, nikamuuliza afya, nikamuuliza nyumba, nikamuuliza mifugo. Ana paka tu. Na hapo hapo nyuma yake treni ikapita. Haiya! Kelele, moshi, wenzake wanapiga picha, na mzee mkono wake uko kwangu, anaona aibu kuuvuta. Alipogeuka alikuta moshi.

Ngai! Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya basi," akairekebisha kofia yake kichwani. Hiyo "haya basi" ilinikata maini kuliko matusi. Nikajiambia, kwisha. Mama alitaka watu, na mtu mmoja aliyekuwepo nimemharibia siku yake.

Iani akasema treni itasimama mbele kuongeza maji, na tukikimbia tunaweza kuipata kwenye daraja. Tukaruka ndani ya gari. Barabara yenyewe ni nyembamba ya gari moja, mkikutana na mwingine mmoja anajibanza kando halafu lazima mpungiane mkono. Mimi niko kiti cha nyuma naomba Mungu kimoyomoyo. Kwenye kona tukapata kondoo wamelala katikati ya lami, wanatafuna. Iani anapiga honi, wao wanamwangalia tu. Nikatoka na viatu vyangu vya kanisa, nikawafukuza kwa ile sauti yako ya mbuzi wa jirani wakiingia kwa sukuma wiki. Walijua huyu si mchezo. Niliporudi ndani nikasikia mzee anacheka, kile kicheko cha tumboni.

Tulifika treni bado. Daraja refu, matao mengi. Mzee akaenda mbele haraka, mimi nikakaa nyuma kabisa, mikono mfukoni. Ikatokea polepole kando ya mlima, nyeusi, inang'aa, moshi unabaki kwenye miti. Mzee akavua kofia. Alikuwa analia, mama, mzee mzima, na hakujificha. Mimi pia nililia, hata sijui kwa nini, treni si yangu.

Baadaye tulikaa kwenye nyasi tukanywa chai. Alikula mandazi moja, akachukua ingine bila kuuliza. Halafu akataka kujua kwa nini nilisalimia watu wote. Nikamwambia kwetu ukimpita mtu bila kumpa mkono umemwambia yeye si mtu. Akatafuna kwanza.

"Nimesimama na wale jamaa miaka mingi," akasema. "Leo ndio nimesikia yule wa koti la kijani anaitwa nani."

Akajimiminia chai ingine. Kisha, "Na huko kwenu Ruiru, nikija, nitasalimia wangapi?"

"Wote," nikasema.

"Basi itabidi tufike mapema."

Iani aliacha kikombe hewani. Nikauliza, na ndege je? Mzee akasema atafunga macho.

Nisalimie ndugu yangu Kamau, umwambie hiyo kazi ya kiwandani Thika asiiache kabla hajapata ingine. Nisalimie shangazi, Tata wa Witeithie, kitambaa chake nimenunua. Cucu mwambie nampenda, na dawa anywe na maji.

Sasa mama, ulitaka watu. Ni mmoja, na atakuja macho yamefungwa. Mimi Iani nimempenda, hilo sitakuficha. Lakini siwezi kumpandisha mzee wa watu ndege, afike huko akukute umenuna. Niandikie neno moja tu: waje.

Binti yako,
Wanjiku