Mikono Aliyoikalia Kidole

Chumba cha cherehani,
Mlango wa nyuma, nyumbani kwetu.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu dada yako. Natumaini hujambo, na kwamba kile kiuno kilichokutesa msimu wa baridi kimekuachia. Shemeji yangu hajambo? Watoto nao wanarefuka kweli, au ni picha tu? Mimi ni mzima, ila macho yameanza kunifanyia ujeuri. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi naomba msaada kwa wateja. Paa limevuja palepale linapovuja kila mwaka. Tumetega ndoo, maisha yanaendelea.

Basi, adabu nimemaliza. Sasa kaa chini.

Nakuandikia habari za Kidole. Nilikupigia, ukasema uko kazini, utanipigia. Nikapiga tena, simu ikaita mpaka ikachoka yenyewe. Nikaona niandike, maana barua haikatwi katikati.

Ulipoondoka, mtoto wa marehemu dada yetu alikuwa bado wa mgongoni, na ndiyo kwanza tulikuwa tumeambiwa kwamba macho yake hayataona. Baba yake alikaa msibani, akala, akaaga. Mtoto akabaki kwangu. Jina la Kidole alipewa na wateja, kwa sababu hakuna nguo iliyoingia humu asiyoipapasa. Mwenye gauni alikuwa bado anaeleza anataka mshono gani, Kidole keshamwambia kwapa limeachia.

Akawa ananiuliza maswali. Mtu akinuna anakuwaje? Nitamwonyeshaje mtoto asiyeona uso? Nikamshonea kitabu cha vitambaa, kila ukurasa na jambo lake la moyoni. Hasira niliiweka gunia, kwa kuwa linakwaruza. Akalipapasa, akacheka. "Mama Mkubwa, hili ni gunia tu. Hasira ni hii hapa." Akachukua lastiki, akaivuta mpaka mwisho, akaiachia ikanichapa mkononi. Tukashona lastiki. Woga alisema ni zipu iliyofunguka nusu, kwa sababu hujui ndani kuna nini. Huzuni ikawa mahameli: ukipitisha mkono upande mmoja inateleza, ukirudisha inakataa. Tulibishana kila ukurasa. Wateja walisubiri suruali zao, nami nimekaa sakafuni nabishana na mtoto upendo ushonwe kwa kitambaa gani.

Halafu baba yake akatokea. Ameoa, amejenga, na majirani zake wapya wameanza kuuliza yule mtoto wa kwanza yuko wapi. Hilo ndilo lililomleta. Alitaka kusafisha jina.

Kikao cha ukoo unakikumbuka, kwa sababu ulikuwapo ndani ya simu. Mjomba aliiweka katikati ya meza, sauti imefunguliwa yote, sisi tumeizunguka kama tunaota moto. Watu walikuwa wanasitasita. Ukasema wewe: "Dada, tusiwe wachoyo. Mtoto ni wa baba yake. Na wewe upumzike sasa." Mjomba akashika hapohapo: "Mnasikia? Hata huyu wa mbali ameona." Yakaisha. Wewe ukarudi kazini kwako, kuwashika mikono wazee wa watu wasinzie kwa amani. Mimi nikabaki kupumzika.

Siku ya kumchukua, Kidole aliukumbatia mguu wa cherehani. Baba yake alimbandua kidole kimoja kimoja, huku anatabasamu kwa aibu, kama mtu anayetoa gundi kwenye nguo ya sherehe. Nilimpa kitabu. Akakigeuza huku na huku. "Haya matambara ya nini, shemeji? Nyumbani kuna redio." Akakiacha kibarazani.

Nilikatazwa kwenda mapema, eti nimwache azoee. Nikamwacha. Juzijuzi nikaenda, kitabu kwapani.

Sitasema uongo. Nyumba ni nzuri, sakafu inang'aa, mtoto hana njaa na kavaa vizuri kuliko nilivyowahi kumvisha. Mama yake wa kambo si mwanamke mbaya. Alinikaribisha, akaniletea maji. Lakini humo ndani kuna vioo, kuna rangi mpya ukutani, kuna televisheni kubwa kama mlango, na neno linalosikika ni moja: usiguse. Nilikuwa pale muda mfupi tu, nalo nilishindwa kulihesabu. Mama huyo akitaka kumpeleka chooni, anashika ncha ya fimbo ya mtoto na kumvuta nayo. Mkono hamshiki. Nilipomtazama akaona haya. "Siyo kwamba namchukia, dada. Naogopa tu. Sijawahi kuishi na mtu wa namna hii."

Kidole alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango wa stoo, wima kama aliyeitwa ofisini. Mikono ameikalia.

"Mbona umekalia mikono, mwanangu?"

"Isiguse."

Mdogo wangu, alisema hivyo bila machozi wala lawama, kama ninavyoweza kukwambia mimi kwamba nimefunga mlango mbwa asiingie.

Nikamwekea kitabu mapajani. Hakutoa mikono. Aligeuza kichwa kule alikosikia nyayo za mama yake wa kambo, akauliza, "Naruhusiwa?" Yule mama akasema, "Gusa tu, hicho ni chako." Ndipo akautoa mkono mmoja. Ulikuwa na alama za stuli. Akafunua kurasa harakaharaka, kama karani anayehesabu karatasi za watu. Kwenye lastiki hakuivuta. Akakifunga, akanirudishia, akasema, "Ahsante, Mama Mkubwa," na mkono ukarudi chini ya paja.

Nilipoaga nilinyoosha mikono nimkumbatie. Akakakamaa. Niliona ninakumbatia mbao. Ule mguu wa cherehani aliupigania, mdogo wangu. Mimi hakunipigania. Nilitoka nikalia njiani kama mwehu, mpaka muuza magazeti akaniuliza nimeibiwa nini.

Nilimfuata baba yake kazini. Akaniambia kikao kiliamua. Nikaenda kwa Mjomba, akaniambia hawezi kuitisha kingine mpaka yule wa mbali naye abadili kauli. Unaona ulivyo mkubwa? Umeondoka hapa kitinda mimba, leo neno lako ndilo kufuli.

Nilingoja neno hilo. Sasa nimechoka kulingoja. Jumamosi nakwenda kumchukua. Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Nimeongea na mama yake wa kambo pembeni. Hatafungua mdomo kunitetea, lakini atafungua mlango, hilo kaniahidi. Baadaye ukoo unite mwizi, Mjomba asinialike kwake, baba yake alete polisi. Waje. Watanikuta nashona. Na iwapo nitafika nikute mume yuko nyumbani na mlango umefungwa, nitakaa nje ya mlango huo mpaka majirani waliotaka kujua mtoto yuko wapi wapate jibu.

Wewe ukitaka kupiga simu, piga. Usinipigie mimi. Mpigie Mjomba, uiseme kwa sauti ileile uliyosemea siku ile. Usipopiga nitakuelewa. Nitakuelewa vibaya, lakini nitakuelewa.

Mama mzee wa duka la vifungo anakusalimu, na fundi viatu jirani bado anasema ulimwahidi kumtafutia kazi huko. Wabusu watoto. Washike mikono wakienda kulala, hata kama wamekuwa wakubwa na wanakataa.

Mungu akulinde huko uliko, akuponye kiuno, na akunyime usingizi kidogo.

Ndimi dada yako, ninayekupenda hata leo ambapo sitaki,

Fundi