Jicho la Upepo

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Na hicho kitambi, bado kinakutangulia mlangoni? Sisi huku tu wazima, ila usingizi umenihama, ndiyo maana nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenicheka.

Najua Jumamosi unakuja kumchukua Baba. Tulikubaliana kwamba akili yake imeanza kuyumba tangu Mama atutoke. Kutwa alikuwa anakaa kwenye dirisha la chumba cha kushonea akiongea naye, mpaka baridi ikamwingia kifuani. Ukamwagiza fundi aje alizibe kwa matofali. Fundi akaziba, akapiga plasta ndani na nje, kazi safi kabisa. Baba hakubisha. Aliomba tu lile pazia alilolishona Mama liachwe palepale ukutani. Tangu hapo huniambia Mama anatusalimu, nami humkatiza haraka.

Sasa sikia. Kazini tunatayarisha kamusi ya shule, na mkuu wangu akanipa neno la Kiingereza, "window". Nikajua ni kazi ya mteremko: dirisha la nyumba, dirisha la tiketi, kile kisanduku kinachofunguka kwenye kompyuta, hata upenyo wa muda kati ya shughuli mbili. Lakini ilinibidi nieleze na asili yake. Kumbe Waingereza walilipata kwa mabaharia wa nchi za baridi, na kwao yalikuwa maneno mawili yaliyounganishwa: upepo na jicho. Nyumba zao za zamani hazikuwa na vioo. Lilikuwa tundu tu, moshi utoke, upepo uingie.

Jioni nikamsimulia Baba mezani, nikitaka kumchangamsha. Akaweka kijiko chini, akasema kwa upole kwamba basi wewe, Kaka, umeziba jicho tu, anayetazama hukumfukuza. Kisha akaendelea kula.

Kaka, lililonifanya niandike ni hili. Jana mchana, Baba amelala sebuleni, niliingia chumba kile kuchukua mkasi, nikafunga mlango nyuma yangu. Feni hatuna. Pazia lilikuwa linacheza. Linajaa, linatulia, linajaa tena, kama mtu anayepumua. Nikalifunua, nikaweka kiganja ukutani: plasta kavu, hakuna hata ufa. Na bado upepo ukanipiga usoni, wenye harufu ya mafuta ya cherehani, na cherehani yenyewe iko kwako. Niliogopa sana. Nikamwita Mama. Pazia likatulia papo hapo, kama mtu aliyesikia jina lake.

Nakuomba usimchukue Baba. Tukimwondoa humu, huyo anayetazama atabaki anamtafuta nani? Ukishindwa kuniamini, njoo, ila ulale chumba kile kwanza.

Wabusu watoto. Baba anakusalimu sana, na anasema Mama pia anakusalimu. Safari hii sikumkatiza.

Ni mimi,
Mdogo wako